Majilio na Haki ya Jirani



Kanisa limetujalia kipindi cha Dominika nne, kianzacho Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, na kukoma jioni ya mkesha wa Noeli. Na kipindi hicho kina sehemu mbili, maana hadi tarehe 16 Desemba liturujia hutuelekeza zaidi kuingojea siku ile Bwana atakaporudi kuhukumu, na kuanzia tarehe 17 ndipo hutugeuza tuikabili Bethlehemu. Sehemu ya kwanza aghalabu twaipita mbio. Kumtaraji mtoto mchanga ni kwepesi kuliko kumtaraji hakimu, wala sidhani kwamba zambarau ya altareni imepata kumzuia mtu kwenda kwa fundi kupimwa nguo ya Noeli.

Hoja yangu ni kwamba matayarisho ya roho yafanywayo faraghani, baina ya mtu na Mola wake tu, ni nusu ya matayarisho. Injili ya Luka isomwayo Dominika ya tatu ya Majilio katika Mwaka C yasimulia jinsi makutano walivyomwuliza Yohane Mbatizaji la kufanya; naye, ilhali chakula chake kilikuwa nzige na asali ya mwitu, hakuwaamuru wahamie nyikani wala wafunge kama yeye, bali alimtaka mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe kiwango, na askari asidhulumu mtu, aridhike na mshahara wake. Katika majibu hayo matatu hamna hata moja linaloweza kutimizwa na mtu akiwa peke yake chumbani. Mama zetu wamelielewa somo hili zamani, kwani kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, na kipande cha pili mara nyingi tumekiona kikimbeba mtoto wa jirani.

Jimbo hili lina urithi mkubwa katika jambo hili. Marehemu Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, alifundisha kwamba Mungu hakutufunulia Utatu Mtakatifu kama kitendawili cha kuteguliwa na wenye elimu, bali kama maisha ya ushirika ya kuigwa. Na kwa kuwa hakupenda kuhubiri asilolitenda, alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Vijiji vile vilikuwa na kasoro zake, na wazee mliomo humu mwazijua kuliko mimi. Lakini fundisho halikufa navyo: mnamo Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, kanzu ya pili ilidaiwa wilaya nzima ya Ngara, na ardhi na kuni zikatoka kwa watu ambao wenyewe hawakuwa na ziada.

Nirudi kwenye madogo, maana ndiyo yanayotushinda. Mbuzi wa fulani amekula maharage ya jirani yake. Maneno yakapanda, salamu zikakatika. Majilio yakija, mwenye mbuzi hupanga foleni ya kitubio, huungama hasira, hupewa malipizi, huyasali kwa uchaji, kisha hurudi kwake kwa njia ya kuzunguka asije akapita mbele ya ua wa yule jirani. Ondoleo amelipata, sithubutu kulikana. Ila padre hana uwezo wa kuyarudisha maharage. Kwa hiyo naziomba jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, kikao kimoja kabla ya tarehe 17 kifanyike kwa yule ambaye hajaonekana tangu ugomvi ule, akiridhia kutupokea. Na mwenye mbuzi atangulie kufika, na debe lake la maharage, kabla Injili haijafunguliwa.