Nafasi ya Elimu ya Amani kwa Vijana Mitaani: Suala la Kitambulisho katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Waandaaji wa warsha hii walinitaka nizungumzie namna ya kukuza elimu ya amani miongoni mwa vijana katika jamii zao. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na sote tunajua kwamba pesa za amani huja mwaka wa kura, zikachapisha fulana na mabango, kisha zikaondoka. Kwa hivyo tuna muda mfupi wa kufanya jambo la maana kabla ya pilikapilika kuanza.

Nitapita haraka kwenye maana na historia, kwa sababu wengi humu ndani mnazifundisha. Sehemu kubwa ya mada nitaitumia kwa jambo moja ambalo nimeliandikia barua na kulisemea katika vikao kwa miaka mingi, nikajibiwa kila mara kwamba limepokelewa na linashughulikiwa.

Maana kwa ufupi

Kijana, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika unaanzia miaka 15. Elimu ya amani ni kumpa mtu maarifa, mwelekeo na stadi za kumaliza ugomvi bila kuumizana. Johan Galtung, msomi wa Norwei, alitenganisha amani ya kutokuwepo vita na amani ya kuwepo haki, na Azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, likazitaka serikali ziwape vijana nafasi katika maamuzi ya amani na usalama. Hayo yanatosha kwa leo.

Tulikotoka

Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Kutokana na msiba huo, Wizara ya Elimu ilianzisha programu ya elimu ya amani shuleni mwaka 2008, na 2014 ikapata sera yake. Nimewaona walimu wakiifanya kazi hiyo kwa moyo, wengine bila hata kitabu cha kiada. Lakini programu ya shule humfikia aliye shuleni. Kijana wa miaka 22 aliyeishia darasa la nane, anayeamkia kwenye mchanga wa ujenzi na kushinda maskani, yaani kijiweni na wenzake, kazi ikikosekana, hana mwalimu wa amani. Yeye ndiye shabaha ya warsha kama hii.

Sisi wa Pwani hatuhitaji mifano ya mbali kuelewa kwa nini. Agosti 1997 kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua, likachukua silaha, na ghasia zikaenea Kusini mwa Pwani. Zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu, wengi wao kutoka bara, walihama. Tume ya Akiwumi, iliyochunguza ghasia hizo, ilisikiliza ushahidi wa jinsi vijana walivyokusanywa, wakalishwa kiapo na kufundishwa mapigano msituni Kwale. Waliowakusanya hawakuhitaji hoja ngumu. Walimwambia kijana kwamba ardhi ni yake na hana hati, kazi ni zake na anapewa mwingine, nchi ni yake na anatendewa kama mgeni. Uongo wa uchochezi ulipandwa juu ya malalamiko ya kweli, na malalamiko yale hatujayamaliza.

Wajir nayo ina funzo lake. Mapema miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana, na waliovunja mzunguko ule ni wanawake walioanzia sokoni, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, ambaye 2007 alipata tuzo ya Right Livelihood. Hawakusubiri watu waje ukumbini. Walienda kwa muuza maziwa, kwa wazee, kwa vijana, kwa afisa wa serikali. Naomba mlishike jambo hilo la kwenda, kwa sababu ndipo mada yangu inapoelekea.

Kijana anayeishia mlangoni

Tuliandaa mafunzo ya siku tatu katika ukumbi wa kijiji upande wa Kwale. Kijana mmoja, mvuvi wa pweza, alifika mapema kuliko wengi. Tulikuwa tumemwita kwa sababu maskani yake ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na maskani ya jirani, na yeye ndiye aliyesikilizwa na wenzake. Mlangoni palikuwa na meza, na juu yake daftari la mahudhurio lenye safu nne: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Alipofika safu ya pili akaishikilia kalamu hapo. Karani akamwambia, “Jaza tu namba ndugu yangu, ndiyo nauli yako itoke.” Kijana akairudisha kalamu mezani taratibu, akasema anatoka kidogo kupiga simu. Hakurudi. Jioni jina lake likakatwa kwa wino mwekundu kwa sababu mstari haukukamilika. Siku zote tatu tukawafundisha usuluhishi watu ambao hawakuwa na ugomvi.

Hakuwa na kitambulisho. Baadaye nilielezwa na mama yake: alizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa hakikuchukuliwa, baba alifariki na kitambulisho chake kilipotea, na kila alipokwenda kwa naibu wa chifu aliambiwa arudi na karatasi nyingine. Mara moja aliitwa kupigwa msasa, yaani kuhojiwa juu ya uraia wake, mbele ya kamati ya wazee, kikao kikaahirishwa. Alipoitwa tena alikuwa baharini, kaskazi, msimu wa kupata pesa. Jina lake ni la Kiislamu na nyumba yao iko karibu na mpaka. Wenye majina na makazi ya namna hiyo mnajua maswali yanavyoongezeka: kitambulisho cha babu, cha bibi, shahidi wa pili, wa tatu.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Sisemi kwamba maafisa wa usajili wanafanya hivi kwa chuki. Wengi ninaofanya kazi nao ni waungwana, wanafuata miongozo, na nchi ina haki ya kujua raia wake ni nani. Lakini lazima tuseme wazi kwamba historia ya karatasi hii ni nzito. Kipande cha mkoloni kilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1910, mwanamume Mwafrika akalazimishwa kukivaa shingoni ili mwendo wake ufuatwe. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipitishwa katika msasa wao peke yao kuthibitisha kwamba hii ni nchi yao. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, waliishi Kwale vizazi kadhaa bila uraia, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wasajiliwe, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupata vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa 2023. Ni hatua kubwa na tunazishukuru. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tangazo hilo tulilipokea kwa furaha. Kilichobaki ni kuliona likifanya kazi katika dirisha la ofisi ya kata, kwa sababu huko ndiko kijana anakokutana na serikali.

Mnaweza kuuliza kwa nini nalihesabu jambo hili kuwa suala la elimu ya amani na si la usajili peke yake. Mfuateni kijana huyo kwa wiki moja. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo M-Pesa anayopokelea ujira ni ya shangazi. Kikundi chake kikitaka kusajiliwa ili kiombe mkopo wa mfuko wa vijana, yeye hawekwi kwenye orodha ya wanachama. Leseni ya bodaboda hapati. Mpango wa serikali wa ajira kwa vijana, Kazi Mtaani, ulipokuja 2020 alibaki kando akiwatazama wenzake wakizibua mitaro. Usiku anapotoka kwenye mpira, akikutana na msako, swali la kwanza ni kitambulisho, na asipokuwa nacho analala kituoni mpaka jamaa aje amtoe. Agosti ikifika hapigi kura. Kisha sisi tunakuja na chati na kalamu za rangi kumfundisha uzalendo, uvumilivu na kuheshimu sheria, na kabla hajaketi tunamdai karatasi ileile ambayo kila mlango mwingine umemdai.

Mchochezi hamdai karatasi. Anakuja maskani, anakaa kwenye kibao, anajua jina la kijana na la mama yake, analeta mirungi na nauli mkononi. Kama tunashindana naye, na hakika tunashindana naye, basi yeye anaingia bila kubisha na sisi tumeweka meza mlangoni.

Wafadhili huniambia kwamba namba za vitambulisho zinatakiwa na wakaguzi wa hesabu, ili pesa za nauli zisiliwe na watu hewa. Hoja hiyo naiheshimu, wizi wa namna hiyo upo. Lakini alama ya kidole gumba pamoja na sahihi ya mzee wa mtaa anayemfahamu mhudhuriaji ni ushahidi tosha wa shilingi mia tano za nauli. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilinijibu kwamba mabadiliko hayo yangehitaji idhini ya makao makuu, ng'ambo. Barua ile bado ninayo.

Kuna jambo jingine juu ya daftari hilo, nalo husemwa kwa sauti ya chini. Hata vijana wenye vitambulisho huogopa kuyaandika majina yao katika mkutano ambao afisa wa usalama amekaa mstari wa mbele. Katika mitaa ya Kisauni na Likoni, ambako makundi ya panga yamewatesa wakazi na misako imewakumba wenye hatia na wasio na hatia pamoja, kijana anayetaka kuachana na kundi anajiuliza orodha hii itaishia wapi. Jibu lazima liwepo kabla ya mkutano, limeandikwa, na lisomwe mbele yake.

Mapendekezo

Waandaaji wa mafunzo yote ya amani, ya serikali na ya mashirika, waondoe safu ya namba ya kitambulisho katika daftari la mahudhurio. Jina, alama ya kidole na sahihi ya mzee wa mtaa vinatosha, na nauli ilipwe mkononi kwa asiye na M-Pesa.

Ofisi ya usajili iambatane na mafunzo. Mahali palipo na kikao cha amani cha siku tatu, afisa wa usajili akae siku hizo hizo kwenye meza ya pembeni na mashine ya alama za vidole, naibu wa chifu awepo kuthibitisha, na wazee wa mtaa watoe ushahidi papo hapo. Tukifanya hivyo kijana ataingia asubuhi bila karatasi na jioni atatoka akiwa na stakabadhi ya maombi. Sijui somo la uraia linaloweza kumwingia kuliko hilo.

Tangazo la Februari 2025 kuhusu msasa litafsiriwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika kila ofisi ya chifu kuanzia Lunga Lunga hadi Kiunga, likieleza karatasi zipi zinatakiwa na zipi hazitakiwi tena. Leo kila dirisha lina orodha yake.

Aliyezaliwa nyumbani asiadhibiwe kwa hilo. Wakunga wa jadi bado wapo na wanakumbuka, na ushuhuda wao upokelewe.

Kamati za amani za kaunti zitenge viti kwa vijana wa maskani wenyewe. Mara nyingi kiti cha kijana hukaliwa na mtu yuleyule anayehudhuria kila semina, hodari wa kuzungumza, ambaye maskani hawamjui.

Mafunzo yafanyike maskani, bandarini, kwenye vituo vya bodaboda na viwanja vya mpira, saa za jioni, pasipo ukumbi wa hoteli. Nirudie kwa wenzangu wa mashirika: twende. Wanawake wa Wajir walikwenda.

Polisi na maafisa wa utawala wakubaliane kwa maandishi na waandaaji kwamba orodha za mafunzo hazitatumika katika msako. Afisa akija kikaoni aje kama mshiriki, aketi katikati ya watu, na ajibu maswali ya vijana kama wengine wanavyojibu.

Walimu wa programu ya shule wawezeshwe kuwafuata wanafunzi walioacha masomo, angalau kwa kuwaalika kwenye vilabu vya amani Jumamosi. Mwalimu ndiye mtu wa serikali anayejua kijana alizaliwa wapi na nani ni mama yake, na barua yake iwe na uzito katika usajili.

Fedha za elimu ya amani zitolewe kwa kipindi cha miaka mitano mfululizo. Mradi unaoanza Januari ya mwaka wa kura haumjui mtu yeyote mtaani.

Na narudia la daftari, kwa kuwa liko ndani ya uwezo wetu bila kungoja Bunge wala makao makuu. Nimelipita daftari la warsha hii asubuhi nikiingia, lina safu nne kama mengine. Nje, chini ya mkwaju, kuna vijana walioletwa na wazee wao ambao hawajaingia. Naomba, Mwenyekiti, kabla ya kikao cha mchana karani apewe ruhusa ya kuchora daftari jipya la safu tatu, na mmoja wetu atoke akawaite.