Pumzi Nyuma ya Tofali
Mhadhara wa umma, Butembo



Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika jimbo letu la Kivu Kaskazini, Kongo, kitovu chake kikiwa Mangina. Mjini Beni shirika la ALIMA lilitibu wagonjwa katika vyumba vya plastiki angavu viitwavyo CUBE: mgonjwa ndani, muuguzi nje, akimhudumia kwa kuingiza mikono katika glovu zilizoungwa ukutani. Plastiki ile haizuii macho, wala haizuii mawimbi ya redio. Rada ndogo ya masafa mapana ingeweza kuhesabu pumzi za mgonjwa bila hata waya mmoja kumgusa. Ingehitaji nini?

Rada hiyo hutuma mpigo mfupi, aghalabu usiofika hata nanosekunde moja, na kwa ufupi wake nguvu yake husambaa kwenye masafa mengi. Mwaka 2002 Marekani iliiruhusu kati ya jigahezi 3.1 na 10.6, kwa nguvu ambayo ukiijumlisha yote haifiki miliwati moja. Tupige hesabu. Kifua kikipanda milimita 5, safari ya kwenda na kurudi inapungua milimita 10, na mwangwi unawahi kwa pikosekunde 33 hivi. Osiloskopu, yaani chombo kinachochora mawimbi ya umeme, ya kuchukua sampuli bilioni 25 kwa sekunde, ambayo bei yake inatisha, huweka nukta kila pikosekunde 40. Pumzi nzima inaingia kati ya nukta mbili!

Hata hivyo haijapotea. Mpigo husogea wote kwa pamoja, hivyo ukilinganisha nukta zake zote na zile za mpigo wa kwanza, msogeo mdogo kuliko hatua moja huonekana, mradi kelele isizidi. Tena mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mbele ya rada kifua chake ni kama kimesimama. Tunaweza kurudia mpigo uleule na kila mara kuchukua nukta moja, mbele kidogo ya ile iliyopita, mpaka umbo lote likamilike.

Kazi huharibika pale faili ya osiloskopu inapohamishwa kwenda kwenye programu ya uigaji, inayokokotoa jinsi wimbi linavyopita ukutani. Kioo cha osiloskopu hukuonyesha mchirizi laini, lakini faili ina nukta tu. Kwa nukta za kila pikosekunde 40, wimbi la jigahezi 10 linapata nukta mbili na nusu kwa kila mzunguko. Programu ikiziunganisha kwa mistari iliyonyooka, inazaa masafa ambayo antena haikuyatoa kamwe. Basi lijengwe wimbi upya kwanza, kwa hesabu iitwayo sinc, ndipo liingizwe. Kagua pia safu ya muda: tarakimu zikikatwa, mistari miwili ya faili hubeba muda uleule, na programu ama hugoma ama, vibaya zaidi, hukubali. Mimi naipenda ile inayogoma.

Sasa tutoke kwenye plastiki, kwa sababu nyumba zetu ni za matofali ya kuchoma. Tuseme ukuta una unene wa sentimita 20 na tofali kavu lina thamani ya dielektriki ya 4: wimbi linapita kwa nusu ya kasi yake, kwa kuwa kasi hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha thamani hiyo, na mtu aliye nyuma ya ukuta anaonekana sentimita 20 mbali zaidi ya alipo. Maji yenyewe yana karibu 80. Masika yakilowesha ukuta huo hadi ufike 9, kosa linakuwa sentimita 40, na mwangwi wenyewe unafifia. Modeli inayokuja na ukuta wa nchi nyingine haijui mvua ya Butembo.

Kwa hiyo maabara ianze na tofali moja la hapa, lipimwe likiwa kavu, kisha baada ya kulala ndani ya maji. Kwenye kila faili uandikwe urefu wa kebo, aina ya antena na unene wa tofali, na upimwe pia mpigo uliopita hewani bila kizuizi. Mwanafunzi wa Beni aliye na kompyuta na programu ya bure kama GNU Octave ataweza kuutoa ukuta ndani ya mawimbi hayo, hata kama hajawahi kuigusa osiloskopu yenyewe.