Somo la Kwanza la Kuchora katika Sekondari za Mulongwe



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuanzisha somo la kuchora kwa wanafunzi wa sekondari. Kila tunapoligusa jambo hili tunaambiana kwamba hatuna rangi, hatuna brashi, hatuna karatasi nzuri. Ni kweli hatuna. Ila anayeanza hahitaji rangi. Anahitaji kufundishwa kutazama, na vya kutazama hapa Mulongwe, mjini Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, vimejaa.

Mnajua jinsi saa ya kuchora inavyopita katika madarasa mengi. Mwalimu anachora chungu ubaoni, wanafunzi wananakili, na aliyekikaribia chungu cha mwalimu ndiye anayepata alama. Mtoto huyo ameufuata mkono wa mwalimu, chungu hajakiona.

Ningependa tuanze na samaki mmoja aitwaye mukeke, kutoka ufukweni. Kabla hujamtoa kwenye kikapu, waambie wanafunzi wachore samaki. Watakuchorea jani lenye jicho. Sasa mlaze mukeke mezani na uwaache wamtazame kimya. Wataona mwili mwembamba mrefu, mdomo mpana, taya la chini limelitangulia la juu, mapezi mawili mgongoni yaliyoachana. Kila mmoja ashike kijiti, anyooshe mkono, afumbe jicho moja, apime kichwa kinaingia mara ngapi katika urefu wa mwili. Kisha achore tena. Michoro yote miwili ibaki kwenye daftari, ya kwanza isifutwe, kwa sababu mtoto atakapoiweka ubavu kwa ubavu atajionea mwenyewe alichokuwa akikikosa. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayofikia hapo.

Cha kuchorea ni makala, yaani mkaa. Kusanyeni vijiti vikavu vyembamba, mvipange ndani ya kopo lenye kifuniko, mtoboe tundu dogo, mliweke kwenye moto. Moshi ukikoma kutoka tunduni, toeni kopo na lipoe kabla ya kufunguliwa. Likifunguliwa lingali moto, hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu. Makala hayo ni laini, yanatoa weusi mzito na kijivu chepesi, na mstari uliokosewa unafutika kwa kitambaa. Karatasi iliyoandikwa upande mmoja inatosha.

Somo la mwanga na umbali tumelikuta tayari. Asubuhi jua linatoka upande wa Burundi, juu ya ziwa. Jioni milima ya Mitumba inatufunika kivuli mapema, huku milima ya ng'ambo bado inawaka. Tena milima ile huonekana myepesi, karibu ya buluu, na hii iliyo nyuma ya nyumba zetu ni mizito yenye mikunjo. Mwanafunzi akilinganisha hayo mawili kwa makala yake ameshajua jinsi umbali unavyochorwa.

Wapo wanaodhani sanaa ni jambo la wageni. Jirani zetu Wabembe wa Fizi wana barakoa ya Alunga, yenye nyuso mbili na macho makubwa yaliyochimbwa ndani. Kazi za aina hiyo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watoto wetu wengi hawajawahi kuziona hata kwenye picha. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Ingawa alikuwa mgeni, hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya za kunakili. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajaza picha zake mistari mifupi, Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Watu watatu, karakana moja, na hakuna anayeweza kuchanganya kazi zao. Kipimo changu cha somo zuri ni hicho.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua watu na nyumba. Sisemi mtoto alazimishwe kuchora usiku ule, aliyefiwa aachwe. Nasema darasa lipande kidogo kando ya mto na kuchora mto ulivyo sasa: mawe yalipolala, mlima ulipovuliwa miti, nyumba zilizojengwa tena ukingoni. Mwaka unaofuata darasa jingine lichore kutoka mahali palepale, na karatasi zihifadhiwe shuleni zikiwa na tarehe. Anayetazama hivyo atayaona mabadiliko ya mto ambayo mpita njia hayaoni.

Nina maombi mawili kwa wakuu wa shule. Saa ya kuchora isigeuzwe saa ya hesabu kila mtihani unapokaribia. Na mwalimu atakayepewa somo hili, hata kama hajui kuchora, akae mbele ya mukeke yule yule na achore pamoja na wanafunzi wake.