Undugu Bila Daftari: Umuhimu wa Kuzingatia Mambo Madogo

(Hotuba kwa mkutano wa ukoo, Hilliard, Ohio)



Wenzetu wa Louisville wamepanda na barabara ya I-71, wenzetu wa Buffalo wamefuata ukingo wa Ziwa Erie, nasi wa Columbus tumebaki kuwa wenyeji tusio na kisingizio cha kuchelewa. Poleni kwa safari na karibuni sana.

Nimeombwa niseme neno juu ya mambo madogo. Wengi wenu mnajua kuwa nilikuwa mtumishi wa serikali, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza masjala, kule Kigoma. Masjala si mahali pa kupigiwa makofi. Lakini barua ya mtu ikiandikwa kumbukumbu namba yenye tarakimu moja isiyo yake, huingia katika faili la mtu mwingine, na mwenyewe huweza kufuatilia malipo yake ya uzeeni mwaka mzima. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi leo nasema kwamba hata undugu bila daftari hupotea.

Ukoo wetu una pande mbili za Ziwa Tanganyika. Upande wa Kongo ofisi zilirithi maandishi ya Kifaransa. Upande wa Tanzania zilifuata Kiswahili sanifu. Basi mtu yule yule akiwa Baraka au Uvira huandikwa Djuma, na akivuka ziwa huandikwa Juma. Ramazani huwa Ramadhani. Assani huwa Hasani. Sisi tukiitana hatuoni tofauti yoyote, lakini kompyuta huona watu wawili.

Tena, mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu iliwataka raia wa Zaire waache majina ya Kikristo na kutumia majina ya asili. Ndiyo maana wako wazee wetu wenye cheti cha ubatizo chenye jina moja, cheti cha shule chenye jina la pili, na karatasi ya kambini yenye jina la tatu. Zote ni za kweli, na mwenyewe ni mmoja. Hata hivyo, afisa asiyemjua hana budi kuuliza.

Kwa desturi ya Tanzania mtu huandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Hapa Marekani jina la mwisho huchukuliwa kuwa jina la ukoo. Matokeo yake baba hujulikana kwa jina la babu yake, na mtoto hujulikana kwa jina la babu yake yeye. Nyumba moja ikawa na koo mbili machoni pa shule na hospitali.

Nazo tarehe zina mitego yake. Sisi tukiandika 3/7/1994 tunakusudia tarehe 3 Julai. Mwenyeji wa hapa husoma tarehe 7 Machi. Na wakimbizi wengi ambao tarehe zao hazikujulikana waliandikiwa 1 Januari, hata zikawapo nyumba ambazo baba, mama na watoto wote husherehekea kuzaliwa siku moja.

Huenda mtu akauliza, je, haya si mambo ya makarani tu? La hasha. Kule nyumbani undugu ulithibitishwa na jirani, na mzee wa kijiji, na mama mkunga. Hapa shahidi wetu ni karatasi peke yake.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wapo jamaa zetu ambao bado wako huko. Sheria ya hapa humpa aliyeingia kama mkimbizi miaka miwili ya kuwaombea mkewe au mumewe, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, kwa fomu iitwayo I-730. Kijana wetu mmoja alipeleka maombi hayo kwa wakati. Karatasi moja ya mtoto ilisema Assani, nyingine Hasani. Akatakiwa alete ushahidi zaidi, na ushahidi huo ulichukua miezi kupatikana. Mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, mama na mtoto walikuwa bado hawajapata ruhusa ya kusafiri. Sisemi kwamba herufi moja peke yake ndiyo iliyowatenganisha. Nasema kwamba ilikula miezi ambayo walikuwa nayo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu upokee mapendekezo manne.

Kwanza, kila nyumba ijaze ukurasa wa daftari la ukoo: majina kamili kama yalivyo katika karatasi, namna nyingine zote yalivyowahi kuandikwa, kijiji cha kuzaliwa, na majina ya wazazi. Mwezi uandikwe kwa herufi. Daftari likae kwa katibu, na nakala moja kwa mzee wa mji mwingine. Namba za siri za mtu zisiandikwe humo.

Pili, asiwepo mtu wa kutia sahihi kabla ya kusoma. Vijana watusaidie Kiingereza, lakini majina yasomwe kwa sauti, herufi kwa herufi, mwenyewe akisikiliza. Kosa likionekana, liombewe marekebisho kwa maandishi mapema. Lisifunikwe kwa maneno ya mdomo.

Tatu, tunahama sana kati ya miji hii mitatu kwa kufuata kazi na nyumba. Asiye raia anatakiwa kuitaarifu Idara ya Uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Barua ya miadi haina miguu ya kumfuata mtu.

Nne, leo hii kabla ya kuagana, kila kijana akae na mzee mmoja na kuandika majina ya bibi zetu na vijiji vyao. Wanaoyakumbuka wanazidi kupungua kila tunapokutana.

Ndugu zangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Kalamu ziko mezani pamoja na karatasi, na katibu yuko tayari kupokea. Yule mtoto aliyeko Nyarugusu naomba awe wa kwanza kuandikwa, kwa majina yake yote mawili.