Wavuvi wa Bukoba na Sisi wa Amani

Msikilizaji, ripoti ya awali ya ajali ya ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani umeshaisikia. Umesikia kwamba boti ya polisi wa majini ilichelewa, na ilipofika hewa ya mitungi haikutosha, mafuta nayo hayakutosha. Umesikia kwamba waliotangulia kufika pale ziwani Bukoba, asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 43 walikuwa ndani. Waliotoka hai ni 24.

Sababu za ajali tunawaachia wachunguzi. Linalotuuma sisi ni jingine: mtu wa kujitolea anatafutwa baada ya ajali. Kabla ya ajali hana mwenyewe.

Baada ya ajali, Rais aliagiza kijana mmoja mvuvi, mmoja wa waokoaji hao, aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulipongeza kwa moyo mmoja. Wenzake je? Nani aliwahi kuwakusanya wavuvi wa Bukoba, walio jirani na uwanja wa ndege, akawaonyesha mlango wa ndege unafunguliwaje kwa nje? Kijana huyo huyo alipigwa na kamba katikati ya uokoaji, akazimia, akazindukia hospitali. Ushujaa alikuwa nao. Mafunzo hakupewa. Vifaa viko mjini, ajali ziko vijijini.

Sasa tuje kwetu. Ndege ikianguka Usambara Mashariki, Mungu apishie mbali, helikopta itakuja, itazunguka juu ya Hifadhi ya Amani, na rubani ataona majani. Msitu wetu una miti ya mita 40, na ukungu wa asubuhi kila mtu wa Kwamkoro anaujua. Anayeweza kusema moshi ule unatoka upande wa Sigi na njia ya kufika ni hii ni mchuma chai, ni muongoza wageni, ni mama aliyeingia kuokota kuni. Macho ya angani bila miguu ya chini hayamwokoi mtu. Lakini miguu hiyo ina nini mkononi? Haina redio ya kuzungumza na rubani, haina machela, haina kamba. Hakuna aliyeifundisha kusafisha uwanja wa kutua, kutandika kitambaa cha rangi kali kionekane juu, wala kuwazuia watu wasisogelee pangaboi la mkiani. Haya hayahitaji chuo kikuu. Vifaa viko mjini, ajali ziko vijijini.

Na pwani ni hivyo hivyo, kuanzia Moa hadi Kipumbwi. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilipozama, wavuvi wa Nungwi waliingia baharini usiku. Tukawashukuru. Miaka 11 baadaye, tukawashukuru wa Bukoba. Tutashukuru mpaka lini? Kule Marekani raia wanaojitolea wa Civil Air Patrol wamejipanga tangu Desemba 1941. Wanaporuka kutafuta ndege iliyopotea, mazoezi wameshayafanya zamani.

Waheshimiwa madiwani wa Muheza, kila mwaka mnaandaa bajeti. Wekeni humo kamba. Wekeni machela. Wekeni redio, na fedha ya kumleta mkufunzi wa zimamoto apande Amani akae na vijana wetu. Msituambie kata ni nyingi. Anzeni na tarafa moja, anzeni na Amani! Wenye mashamba ya chai, mna magari na mna watu: changieni.

Nanyi vijana wa Kisiwani, Mbomole na Shebomeza, msingoje kuitwa. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, andikisheni majina, semeni njia mnazozijua msituni. Akina mama pia, maana njia za kuni mnazijua kuliko sisi. Ushikeni moyoni namba 114, ya zimamoto na uokoaji, muifundishe hata watoto. Na orodha ikishapatikana, ipelekeni kwa diwani mkononi, mumuulize mbele ya watu: kamba yetu inakuja lini?