Amana ya Mwenye Elimu Mbele ya Silaha Mpya



Dola kubwa hazikosi mafundi wa kuunda silaha. Lililo adimu ni mtaalamu atakayewaambia watawala ukweli juu ya silaha hizo. Ashton Carter wa Marekani, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1954, aliishika kazi hiyo maisha yake yote. Alisoma fizikia pamoja na historia ya zama za kati katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akapata udaktari wa fizikia huko Oxford mwaka 1979.

Mwaka 1983 Rais Reagan alitangaza nia ya kujenga kinga dhidi ya makombora ya nyuklia. Mwaka uliofuata Carter aliitumikia ofisi ya Bunge iliyopima mambo ya ufundi, akachunguza silaha za miale za kuwekwa angani. Akaandika kwamba tumaini la kinga kamili liko mbali mno, wala halifai kuwa msingi wa siasa ya nchi. Wakuu wa mpango ule walimpinga vikali, naye hakuyafuta maneno yake.

Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, Carter alikuwa mwalimu Harvard. Yeye na wenzake walionya juu ya hatari ya silaha za nyuklia kubaki zimetawanyika. Maseneta Nunn na Lugar wakapitisha sheria ya kugharimia kazi ya kuziondoa, na tangu mwaka 1993 Carter aliisimamia kazi hiyo katika Wizara ya Ulinzi. Kufikia mwisho wa mwaka 1996 Kazakhstan, Ukraine na Belarus hazikuwa nazo tena.

Mwaka 2012, akiwa Naibu Waziri wa Ulinzi, alitia sahihi amri kwamba silaha zinazojiendesha zenyewe lazima ziundwe kwa namna itakayomwachia binadamu nafasi ya kupima na kuamua matumizi ya nguvu. Amri hiyo haikuzipiga marufuku silaha hizo, na wako wanaoiona dhaifu. Lakini ilithibitisha jambo moja kubwa: mashine haina dhamiri, wala haiwezi kuulizwa kwa damu iliyomwagika. Mwenye kuulizwa ni mtu.

Carter alikuwa Waziri kamili toka mwaka 2015 hata 2017, akarudi Harvard kufundisha, akafariki Oktoba 2022.

Basi vijana wanaopelekwa kusoma sayansi na wafunzwe na historia pia, wajue si namna ya kuunda chombo tu, bali na nani atakayejibu kwa ajili yake.