Chuo Hakingoji Agosti

Akina mama wa jikoni, harufu ya pilau imeshafika huku, najua dakika zangu zinahesabika. Vijana wa A-level mliojibanza kule nyuma, leo nasema na wazazi wenu, lakini tegeni sikio.

Neno langu ni moja: mtoto anayeyumba masomoni asaidiwe sasa, kwa sababu hapa Uingereza chuo hakingoji matokeo. Sisi tumelelewa katika utaratibu mwingine. Kwetu, iwe Kidato cha Sita kule Tanzania au KCSE kule Kenya, matokeo hutoka kwanza, maombi ya chuo yakafuata. Hapa mambo yamegeuzwa. Mtoto anajaza fomu ya UCAS, ya kuombea vyuo vikuu, mwaka wa mwisho wa A-level hata kabla hajakaa kwenye chumba cha mtihani, na chuo kinampa ahadi kwa kutazama makadirio ya mwalimu wake. Anayetaka udaktari, Oxford au Cambridge, mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba. Makadirio hayo hujengwa zaidi na kazi ya mwaka uliotangulia. Basi mzazi anayesubiri matokeo ya Agosti ndipo aulize "umepata ngapi?" amefika sokoni watu wanafunga vibanda. Na hata aliyekadiriwa vizuri asilale: mtafiti Gill Wyness wa chuo kikuu cha UCL, katika uchunguzi wake wa 2016, alikuta ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata alama zilezile walizokadiriwa, na asilimia 75 walikuwa wamekadiriwa juu kuliko walichokuja kupata. Ndiyo maana chaguo la akiba liwe la akiba kweli, lisiwe gumu sawa na la kwanza.

Najua mtaniambia: sisi tulisomea koroboi, nani alitubembeleza? Ni kweli, na heshima yenu iko palepale. Ila walioanguka kwa koroboi hilohilo hawamo ukumbini humu kutoa ushahidi. Wengine mtasema, tunalipa tuisheni. Vizuri, lakini mwalimu wa tuisheni hufundisha hesabu. Si yeye atakayeieleza shule kwamba mtoto halali usiku, au kwamba analea wadogo zake mama akiwa zamu ya usiku. Hilo ni la mzazi, na mwalimu akilijua mapema ana la kufanya. Mtoto mwenye shida ya kusoma anaweza hata kuongezewa robo ya muda wa mtihani, lakini shule hutaka ushahidi na huomba mapema, si wiki ya mtihani yenyewe.

Haraka haraka sasa: machaguo kwenye fomu ya UCAS ni 5, ya udaktari hayazidi 4. Clearing, yaani ugawaji wa nafasi zilizobaki vyuoni, hufunguliwa Julai, na si jalala, watu wanapata vyuo vizuri humo. Uanagenzi wa shahada upo, unasoma huku unalipwa. Na karatasi za ukaazi zitazameni leo, maana mkopo wa serikali hutazama ukaazi, hautolewi kwa alama. Mengine tutasemezana mezani.

Lakini jamani, mbona tunafichana? Harusi tunachangishana mpaka usiku wa manane. Mtoto akipata D, nyumba inafungwa madirisha. Mkenya anamtafuta Mkenya, Mtanzania Mtanzania, Mkongo Mkongo mwenzake, na mtu wa kemia anayehitajika yuko nyumba ya tatu. Tusitoke humu hivyo. Kabla sahani hazijapita, nawaomba wote wanaojua hesabu, kemia au biolojia, na vijana mliopita UCAS juzi juzi, msimame. Simameni, msione haya. Wazazi, geukeni muwatazame vizuri, kisha kila mmoja aende kukaa nao meza moja.